Barua kwa mwanangu: ugali nilikupimia vibaya

Marahaba mwanangu, salamu zako dada yako kanifikishia. Bibi anaendelea vizuri, homa imeshuka, jana kala uji bakuli zima af akaniuliza mguu wa mume wangu, yaani we mjukuu wake, unaendeleaje. Nakuandikia hukuhuku Nansio, Ukerewe, kwa hii simu, sehemu ikikaa vibaya ujue ni simu inajibadilishia maneno yenyewe. Kukupigia nimeshindwa, maana nikigusa tu hili jambo unasema mama nimekusikia af unaniuliza narudi na meli ya lini.

Ni kuhusu kula baba. Usizime simu.

Siku ya harusi ya mtoto wa mamdogo wako nilikuona. Ulikuwa umekaa kitandani, magongo umeyaegesha ukutani, unahangaika na kifungo cha ile suruali nyeusi, ukavuta tumbo ndani kikagoma, ukavuta tena kikagoma, ukachukua raba bendi ninayofungia hela za dagaa ukaipitisha kwenye tundu ukaizungushia kifungo af ukashusha shati juu yake. Ukanambia mama hii fasheni mpya, tukacheka wote. Ila ulivogeukia dirishani ukanyamaza muda mrefu, na mi nikajifanya natafuta kanga.

Miezi minne sasa tangu ile bodaboda ikuvunje muundi, na kwenye mzani wa kliniki umetoka kilo 71 umefika 84. Sikusemi. Nimekaa huku wiki nzima nafikiria nikaona nusu ya hilo kosa ni langu.

We unajua miaka yote nlivopika pale soko la samaki Mwaloni, Mwanza, mi sipimi ugali kwa hela, napima kwa kumwangalia mtu. Kuli ametoka kupakia magunia ya dagaa namwekea mlima, karani anayekaa na daftari namwekea kidogo na mboga nyingi, na hakuna hata mmoja amewahi kulalamika. Tena wavuvi wa dagaa wanachekesha, mbalamwezi ikikomaa si hawaendi ziwani, taa zao hazifanyi kazi usiku mweupe, basi siku zile wamekaa wanacheza bao na kushona nyavu, ugali uleule wanauacha nusu wenyewe bila kuambiwa na mtu. Sasa we ulikuwa unakimbia kutoka Pasiansi mpaka Airport na kurudi, jioni mpira, nikawa nakupimia ya kuli na ilikuwa haki yako. Ukavunjika, ukakaa kwenye kochi, mkono wangu ukaendelea kupima ya kuli, na huruma nayo ikaongeza mwiko wa juu, nikasema mtoto mgonjwa aachwe ale. Na wageni nao kila anayeingia na kuku wake anakwambia umenawiri, hospitali imekupenda!

Hiyo nusu yangu. Yako ni ile ya saa nane usiku, nasikia mfuniko wa sufuria, nasikia kijiko kinakwangua ukoko taratibu ili nisiamke. Na nyuma ya kochi nikifagia nimekuta paketi 6 za biskuti zimekunjwa vizuri kama barua. Baba, mtu aliyekula saa mbili akashiba njaa ya saa nane inatoka wapi? Nimekuona unashika simu, unaangalia status za wenzako wako uwanjani, af mkono unaenda kwenye biskuti wenyewe bila we kuutuma. Hapo ukiniamsha tukapiga stori mi sikasiriki, au mpigie hata huyo kipa wenu, naye usiku hana usingizi.

Najua naongea nini maana hata mi nilipoteguka kifundo cha mguu na beseni la dagaa kichwani, ulikuwa darasa la tatu, nilikaa ndani miezi miwili magauni yote yakanikataa. Akapita mtu na majani yake ya chai ya kupunguza tumbo nikanunua kwa hela nyingi tu. Niliharisha siku nne, mzani ukashuka kilo 2 nikashangilia, nikaja kunywa maji zikarudi zote. Kumbe nilikuwa natoa maji tu, mafuta yamekaa palepale yananiangalia. Kwahiyo ukiletewa hayo majani usiyaguse, na usijishindishe njaa, ukishinda njaa mchana ndo usiku unamaliza sufuria.

Yule dada wa fizio, anayekufanyisha mazoezi ya mguu, alinambia mfupa unaojiunga unataka chakula, usimnyime, mpe samaki, maharage, mayai, maziwa. Dagaa ndo kabisa, unamla na mifupa yake yote, hiyo ndo kalsiamu yenyewe. Kinachopungua ni ugali, soda na mafuta. Soda moja ya chupa ya mililita 350 ina sukari karibu vijiko 9 vya chai, na we unashushia mbili kwa siku umekaa. Mafuta kijiko kikubwa kimoja ni kalori kama 120, halafu sato unamkaanga mpaka anaogelea mara ya pili. Mchemshe na nyanya na ndimu, au mchome. Na asubuhi toka ukae kwenye jua pale kibarazani. Sigara pia, unadhani sijui, inachelewesha mfupa kuunga na alikwambia daktari mwenyewe mi nikiwa nimesimama mlangoni.

Mikono haijavunjika lakini. Ile galoni ya lita 5 ijaze maji uinyanyue ukiwa umekaa kwenye kiti, na mguu uufanyishe yaleyale aliyokuonyesha dada wa fizio, usiongeze ya kwako ya kwenye simu. Siku ukiyaachia magongo huo mguu utakubeba wewe mzima na hizo kilo 13 juu yake, ndo mana nasema mapema.

Dada yako nimemwambia apakue jikoni, sufuria isije mezani, na akupimie ya karani. Usimnunie, nimemtuma mimi. Ugali ukiisha na bado unataka, ongeza mchicha au furu wa mchuzi, kaa kidogo, kama bado njaa ipo basi kula, mi sijakataza mtu kula kwangu. Mzani upande kliniki tu, usiniletee habari za kila asubuhi.

Nimempa mtu wa meli ya kesho mfuko wa machungwa na dagaa waliokaushwa vizuri hawana mchanga, mtume dada yako bandarini mapema. Ile suruali usimpe mtu, iko kwenye begi langu la bluu. Na raba za chini za magongo zimeisha, juzi uliteleza sebuleni ukanificha, nunua mpya leoleo.

Mama yako