Barua kwa baba: kondoo wa kilima cha chaki

Shikamoo baba. Shikamoo mama. Mdogo wangu, hii msomee baba taratibu usirukeruke mistari, na akiuliza kitu niandikie hapo hapo.

Baba ile siku kwenye simu nilivyokwambia wikendi naenda kuangalia kondoo ulinyamaza, nikajua unawaza mtoto nimeuza ng'ombe nimpeleke Ulaya kumbe kaenda kuchunga. Nilikua kwenye basi sikuweza kueleza, ndo maana naandika. Kazi ya kulea wazee sijaacha. Kondoo ni kujitolea, silipwi, na naomba unielewe kwa nini zamu yangu siwezi kuikosa.

Hapa Brighton, kusini mwa Uingereza, ukitoka mjini kidogo tu unapanda vilima, vinaitwa South Downs. Sio mawe kama yetu ya Singida. Ni chaki baba, nyeupe kama ya ubaoni, ukifukua nyasi kidogo unakutana nayo, na kule upande wa Eastbourne kilima kimekatika kikawa ukuta mweupe umesimama juu ya bahari, pale Beachy Head una mita 162. Zamani za madinosaria hapa palikua chini ya bahari, vimea vidogo ambavyo jicho halivioni vilikua vinakufa magamba yao yanashuka chini, miaka mamilioni, mpaka ikawa mlima. Na mvua ikinyesha chaki inanyonya maji inayatunza ndani, yani maji ninayokunywa bombani yanatoka humo, ndo maana karibu miaka mia iliyopita mji ulinunua vilima vingi ili watu wasije kuchafua maji yao. Hilo najua utalipenda.

Udongo wake mwembamba hauna rutuba, wewe usingelima hata mtama. Lakini kwa sababu hauna nguvu hakuna mmea mmoja unaoweza kunenepa ukafunika wenzake, kila kamoja kanapata pa kusimama, kwenye mita moja ya mraba unaweza kukuta aina mpaka 40. Nilipiga magoti nikajaribu kuhesabu, maua mengine madogo kuliko punje ya ulezi.

Na hizo nyasi zikiachwa zenyewe zinakufa baba. Hilo ndo sikulijua. Zilikua hivyo kwa sababu ya kondoo, watu wamechunga hapo maelfu ya miaka. Baada ya vita kuu ya pili ikaja trekta na mbolea ya dukani, kondoo wakapungua, halafu 1953 ukaingia ugonjwa wa sungura ukawamaliza karibu wote na wao walikua wanasaidia kula, basi vichaka vikapanda vikafunika. Tangu vita mpaka leo karibu asilimia 80 ya nyasi za chaki imepotea. Kuna kipepeo wa bluu, bluu kali kama kanga mpya ya mama, kiwavi wake anakula mmea mmoja tu, na anataka nyasi fupi jua limfikie chini. Nyasi zikirefuka huyo hayupo tena. Na wanaomlinda akiwa kiwavi ni sisimizi, anawapa utamu wao wanamkinga na maadui.

Kwa hiyo watu wameungana. Kuna mpango unaitwa Changing Chalk, ulianza 2022, National Trust, shirika la kutunza ardhi na majengo ya kale, ndo wanaongoza na pesa nyingi zimetoka kwenye mfuko wa bahati nasibu ya taifa, humo kuna hifadhi ya South Downs, halmashauri ya mji, vikundi vya mazingira, wakulima, na watu wa kawaida kabisa. Mimi nimeingia kwa mlango wa kondoo. Hapa wanatuita lookerers, ni neno la zamani la watu wa Sussex, maana yake mtu wa kwenda kutazama. Mwenye kondoo hawezi kufika kila siku kwa hiyo tunagawana zamu, unahesabu, unaangalia maji, unazunguka uzio, unatazama nani anachechemea. Akilala chali hawezi kuinuka mwenyewe anaweza kufa, inabidi umgeuze. Baba siku ya kwanza walivyotufundisha kuhesabu kondoo wanaotembea mimi nilihesabu wawili wawili kwa vidole kama ulivyonifundisha, nikapata sawa, mama mmoja mzee akaniuliza umejifunzia wapi. Nilijibu kwa baba yangu. Nilijikaza nisilie pale.

Miaka mitatu hapa nilikua najua njia ya kazini na njia ya dukani tu. Sasa kuna watu wananiita jina langu vizuri.

Halafu mwezi wa saba tulienda mbali kidogo, Uffington, kuna farasi amechorwa mlimani kwa chaki, ana mita kama 110, umri wake kama miaka 3,000. Watu wanapiga magoti na nyundo wanaponda chaki mpya juu ya ile ya zamani, watoto na wazee, siku nzima tunagonga tu. Zamani ilikua sherehe kubwa, michezo, watu wanakimbiza jibini kwenye mteremko. Wakiacha kidogo nyasi zinammeza farasi, yani tangu enzi hizo hakijapita kizazi ambacho hakikurudi kumsafisha. Vitani walimfunika kusudi ili ndege za Wajerumani zisimtumie kama alama, kisha wakamfunua. Mikono yangu ilikua myeupe mpaka kwenye viwiko, picha anayo mdogo wangu, akuonyeshe.

Jumamosi naingia zamu tena. Kuna jike mmoja anachechemea mguu wa nyuma, kwato haina kidonda nimeitazama, nimeshatoa taarifa ila nataka nisikie na wewe. Ulikua unaanza kubonyeza wapi, juu ya kwato au kwenye goti? Nitapiga Ijumaa jioni ukishaswali.