Picha za wasomaji zikaguliwe kwanza, zisafishwe, ndo zitoke

Mhariri salaam,

Ninachoomba ni kitu kimoja tu. Picha au barua yoyote ambayo msomaji amewatumia kwa WhatsApp, kabla haijakaa ukurasani mtu mmoja hapo chumba cha habari afungue terminali, lile dirisha la kuandikia komandi kwenye kompyuta, aangalie metadata yake, halafu kabla haijapanda mtandaoni aisafishe, yaani aifute hiyo metadata. Siku hizi mnatoa sana picha za wasomaji na ni jambo zuri, mafuriko yakitokea sisi ndo tuko pale na simu zetu wakati mwandishi bado yuko kwenye foleni, ila naona zinatoka hivyo hivyo zilivyokuja na hapo ndo wasiwasi wangu ulipo.

Kwa asiyejua, picha ya simu inabeba na maandishi ndani yake ambayo huyaoni ukiifungua kawaida, hayo ndo metadata. Aina ya simu, tarehe na saa mpaka sekunde, programu iliyotumika kuiediti, na kama lokesheni ya kamera imewashwa basi na GPS, yaani namba za ramani za pale mpigaji aliposimama. Kuyasoma sio kazi. Kuna programu ya bure inaitwa exiftool, kaitoa Phil Harvey wa Canada tangu 2003 na mpaka leo watu wanaitegemea, unaandika exiftool picha.jpg unabonyeza enter inakushushia orodha ndefu, wewe tafuta Date/Time Original, Camera Model Name, Software na GPS Position. Ukiona inasoma 6 deg na ushee S, 39 deg na ushee E, ujue uko Dar au Zanzibar hapo, na mtu akizipachika zile namba kwenye Google Maps anafika mpaka kwenye bati la nyumba. Asiye na laptopu aweke Termux, programu ya terminali ya simu, kwenye Android, aandike termux-setup-storage ili iruhusiwe kuona picha zake, kisha pkg install exiftool, basi.

Ipo pia komandi ya stat, kwenye Linux na Mac unaikuta tayari, lakini tarehe zake ni za faili lilivyo kwenye diski yako, ukilikopi leo au ukilipakua leo linasoma leo hata kama picha ni ya 2015. Kwa hiyo mtu asije na stat akasema picha ni ya jana. Na lile jina la IMG lenye tarehe halafu WA mwishoni, ile tarehe ni ya WhatsApp sio ya kamera, nimeona watu wazima wanagombana nayo kwenye magrupu.

Mimi niko steshenari, watu wanaleta mafaili kuprinti kutwa nzima. Alikuja kijana na barua ya ajira, PDF, ina nembo, mhuri, sahihi, tarehe ya mwezi uliopita, na anatakiwa atume hela ya vipimo vya afya kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Nikamwambia mdogo wangu ngoja kwanza. exiftool barua.pdf. Create Date ikaja ya usiku wa kuamkia siku ile, 01:14 na mbele yake +03:00, yaani saa saba usiku ya huku huku kwetu, Creator ni programu ya simu ya kutengenezea mabango, na pale kwenye Author kuna jina la mtaani ambalo hakuna ofisi ya serikali itaandika. Aliisoma ile skrini mara mbili, hela hakutuma. Sasa barua za namna hiyo ndo zinazunguka kila wiki na nyingine zimefika mpaka magazetini zikiitwa taarifa, na kumbe mstari mmoja wa komandi ungezizuia mlangoni.

Upande wa pili ni hatari kwa mtu aliyepiga au aliyepigwa picha. Desemba 2012 jarida la Vice liliweka mtandaoni picha ya John McAfee, yule wa programu za kuzuia virusi, alikuwa amekimbia Belize ambako polisi walitaka kumhoji kuhusu kuuawa kwa jirani yake. Picha ilipigwa kwa iPhone 4S na GPS ikabaki ndani, watu wakaisoma wakajua yuko Guatemala, mwenyewe akadai kwanza kwamba kaibadilisha makusudi halafu akakubali kweli yuko huko, siku chache akakamatwa. Huyo alikuwa na pesa na mawakili. Fikiria mama wa Kigogo aliyewatumia picha ya jirani anayepiga watoto, GPS ikiwa dirishani kwake.

Na magazeti yana historia na jambo hili. Kule Wichita, Kansas, muuaji aliyejiita BTK aliwauliza polisi kama akituma diski atajulikana, wakamjibu kwa tangazo dogo gazetini kwamba hakuna shida. Februari 2005 akatuma flopi kwa kituo cha televisheni, ndani kukakutwa faili la Word lililofutwa na metadata yake inataja kanisa la Christ Lutheran na jina Dennis. Dennis Rader akakamatwa mwezi huo huo, baada ya miaka zaidi ya 30 tangu aanze kuua mwaka 1974. Pale ilisaidia haki, sawa kabisa, lakini njia hiyo hiyo inamfikia na mtoa taarifa wenu asiye na kosa lolote.

Kitu kingine ambacho wengi hawakijui, ndani ya faili la picha la JPEG mara nyingi kuna picha ndogo ya ziada. Mkimziba mtoto uso au mkikata upande, baadhi ya programu za kueditia zinaacha ile ndogo kama ilivyokuwa mwanzo, uso wote unaonekana. Jaribuni hii kwenye picha mliyoiziba: exiftool -b -ThumbnailImage picha.jpg > ndogo.jpg, kisha fungueni ndogo.jpg. Naomba sana mfanye hivyo kwenye picha za watoto, hili linanikosesha amani.

Kusafisha ni exiftool -all= picha.jpg, inafuta yote na inawaachia nakala ya mwanzo yenye _original mwishoni mwa jina, hiyo itunzeni ndani msiipandishe. Picha zikianza kulala ubavu ni kwa sababu imefuta na maelezo ya mwelekeo, ongezeni -tagsfromfile @ -orientation baada ya -all=. Ila kwenye PDF muwe makini, exiftool ikifuta metadata ya PDF taarifa za zamani zinabaki chini na mtu anaweza kuzirudisha, lazima mmalizie na programu nyingine inaitwa qpdf, mnaandika qpdf --linearize barua.pdf safi.pdf.

Na metadata nayo inadanganywa, exiftool hiyo hiyo inabadilisha tarehe kwa -AllDates, kwa hiyo ikisema kitu bado mpigieni simu aliyetuma na muulizeni mtu wa eneo lile. Isiposema kitu pia sio ushahidi wa uongo, WhatsApp ikituma kama picha ya kawaida inaondoa karibu yote njiani. Ndio maana nawaomba chini ya ile namba mnayochapisha ya kupokelea picha muongeze maneno haya, tuma kama dokyumenti. Hapo mtapata faili zima la kukagua, na mkishalipata siri ya mtu iko mikononi mwenu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ipo na haijawasamehe wanaokusanya mahali mtu anapoishi kisha wakapaanika. Kama hapo ofisini hakuna wa kuwaonyesha waandishi hizi komandi, mimi nitakuja jioni nikifunga steshenari, bure.

Msomaji wenu,
Temeke, Dar es Salaam