Hedhi si damu chafu

Ndugu Mhariri,

Bado mabinti wanaambiwa kuwa hedhi ni uchafu unaotolewa mwilini. Si kweli, na inawatia aibu bure. Damu hiyo ni safi kama ya kidoleni. Kila mzunguko, utando wa ndani wa mji wa mimba hunenepa kujiandaa kupokea mimba. Yai lisiporutubishwa, homoni ya projesteroni hushuka wiki mbili hivi baada ya yai kutoka, mishipa midogo hujibana, utando ukabomoka. Damu inayotoka hedhi nzima ni takriban mililita 30 hadi 40, yaani vijiko viwili au vitatu vya chakula.

Tumbo hukata kwa sababu utando huo hutoa kemikali zinazoukaza msuli wa mji wa mimba. Ibuprofeni huzizuia, ndiyo maana hufaa zaidi ikimezwa maumivu yanapoanza, baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo asiitumie.

Walimu, binti aliyevunja ungo karibuni akikaa hata siku 45 bila hedhi, msimshuku. Lakini pedi ikilowa kila saa moja au mbili, au damu ikipita siku 7, aende zahanati akapimwe wingi wa damu.

Wauguzi wa afya ya uzazi,
Tanga