Makapi ya miwa yana kemikali ndani, tuache kuyatazama tu

Mhariri,

Mimi ni mkulima wa miwa huku bonde la Nyando na kuna kitu kinaniuma. Kiwanda kimoja cha huku kina mlima wa makapi ya miwa, mvua ikinyesha yanachemka ndani kwa ndani mpaka unaona mvuke unatoka, jua likiwaka upepo unayaleta hadi kwa nguo nimeanika. Najua mengine yanachomwa kwa boila yatoe mvuke na stima, hiyo ni sawa. Lakini miwa tani 100 inaacha makapi karibu tani 30, ingawa karibu nusu ni maji, na hapa kwetu boila haimalizi.

Mpwa wangu anasoma kemia chuo kikuu na alinielezea kwa mfano wa busaa vile makapi yanaweza kutoa kemikali, nikashika mara moja. Unga wa mahindi hata ukiukaanga vizuri kwa mabati hauwi busaa mpaka uweke kimea cha wimbi, juu kimea ndicho kinakata wanga uwe sukari. Hiyo ndiyo kazi ya kichocheo, wao wanaita katalisti, kinaharakisha kazi na chenyewe hakiliwi. Sasa makapi nayo mengi ni sukari, ila imefungwa kwa njia ingine ambayo kimea hakiwezi kufungua, inataka kitu kikali zaidi kama asidi na joto.

Na hii imefanyika kitambo. Quaker Oats wa Marekani walikuwa na maganda mengi ya oti, 1922 wakaanza kuyapika kwa mvuke na asidi ya salfa, ile ya betri ya gari lakini imepunguzwa nguvu, wakapata furfurali, kimiminika kinanukia kama lozi. Inasafisha oili ya injini, na ikipitishwa na haidrojeni juu ya kichocheo cha shaba inatoa kitu cha kutengenezea gundi inayoshikanisha mchanga wa kumwagia chuma kilichoyeyushwa. Makapi ya miwa na magunzi ya mahindi yanatoa furfurali hiyo hiyo, na magunzi huku magharibi tunayo tele!

Shida ni asidi, inakula vyombo na baadaye lazima uizime na chokaa, unabaki na uchafu mwingine. Ndio maana wanasayansi wanatafuta vichocheo vigumu kama changarawe, unachuja unatumia tena. Lakini makapi yana udongo na majivu ambayo yanaviziba, na kujaribia sukari safi ya maabara ni rahisi kuliko makapi yenye matope ya Nyando. Hapo ndipo vijana wetu wana nafasi kabisa.

Wengine watasema tuanze na gugumaji la ziwa. Mimi naona hapana, zaidi ya asilimia 90 yake ni maji, utalipa lori kubeba maji. Makapi tayari yako pamoja mahali pamoja.

Naomba viwanda viwafungulie wanafunzi wa vyuo vikuu vya Maseno na Masinde Muliro, na kaunti iweke pesa kwa mtambo mdogo wa majaribio hata kama ni wa pipa moja. Likizo ya Aprili mpwa wangu alienda kuomba gunia moja tu la makapi, akarudishwa getini na gunia lake tupu. Gunia moja jamani, na mlima uko pale unaoza.

Mkulima wa miwa,
Nyando, Kisumu