Mkono wa kushoto ushone mpana: barua ya wazi kwa Mganga Mkuu wa Manispaa ya Moshi

Shikamoo Daktari,

Mimi ni fundi cherehani, kibaraza changu kiko jirani na soko la Mbuyuni. Mwaka huu wateja watatu wameniambia maneno yaleyale: "Fundi, mkono wa kushoto ushone mpana." Wa kwanza sikumuuliza kitu. Wa pili alinieleza mwenyewe nikiwa nimeshika tepu: alitolewa titi kwa sababu ya saratani, pamoja na tezi za kwapani, na tangu hapo mkono unavimba, nguo zake za zamani haziingii. Wote watatu hawajafika miaka 50.

Huyo wa pili alikuwa ananyonyesha alipogusa kivimbe kigumu kama punje ya harage. Hakikumuuma. Akaenda zahanati, jina nalihifadhi, akaambiwa ni maziwa yameganda, akakande kwa maji ya moto. Alikanda miezi saba, Daktari. Siku anapelekwa kukatwa kinyama kidogo cha kupimwa, ngozi ya titi ilikuwa imeshakuwa kama ganda la chungwa. Uvimbe wa saratani mara nyingi hauumi mwanzoni, na hakuna aliyemwambia hivyo.

Sisi wa Moshi hatuwezi kulalamikia umbali. Hospitali ya rufaa ya KCMC iko hapahapa, daladala inafika mlangoni, na kitengo chake cha saratani kilifunguliwa mwishoni mwa 2016. Hata hivyo nchini kwetu wanawake wapatao 8 kati ya 10 wenye saratani ya matiti hugundulika ikiwa hatua ya tatu au ya nne, yaani wamechelewa. Kwa niliyoyaona mimi, muda unapotelea pale kwenye benchi la kwanza, la zahanati. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2023, linataka mwanamke awe amejua ana nini ndani ya siku 60 tangu alipokwenda kueleza dalili. Mteja wangu alitumia zaidi ya siku 200.

Sikuombi mashine. Naomba mikono ya wauguzi. Mama anayeleta mtoto kliniki, au anayefuata uzazi wa mpango, tayari yuko mbele yao. Apapaswe matiti na kwapa siku hiyohiyo. Anayenyonyesha akikutwa na kivimbe, apangiwe kurudi baada ya wiki mbili, na kama bado kipo aandikiwe rufaa yenye tarehe. Namba yake ya simu iwe kwenye daftari, na asipofika apigiwe.

Tena akina mama wasemeshwe. Hapa kibarazani nasikia eti saratani inaletwa na kuweka hela au simu kwenye sidiria, na eti kivimbe kikikatwa kinyama kinasambaa. Hilo la pili ndilo linaloniumiza zaidi, maana mtu anakimbia kipimo chenyewe. Mimi nabishana nao, lakini ni nani atamsikiliza fundi nguo? Muuguzi wa mtaani kwao akisema, watamwamini.

Gauni la yule mama nimelimaliza jana, la kitenge, mkono wa kushoto nimeuongeza inchi mbili na nusu. Anakuja kulichukua Jumamosi. Nitamwambia kwamba nimekuandikia.

Wako mtiifu,
Fundi cherehani, Mbuyuni, Moshi