Malalamiko: Kikokotoo chenu kubadili utaratibu wa hesabu bila taarifa

Kwa Meneja, Huduma kwa Wateja

YAH: KIKOKOTOO CHA KWENYE KOMPYUTA KUTOA JIBU TOFAUTI KWA HESABU ILEILE

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, Morogoro. Programu yenu tumeilipia leseni, na kutwa nzima iko wazi kwenye kompyuta yangu ninapoandaa ankara. Tangu mtuletee toleo jipya, siwezi tena kuiamini.

Mteja akichukua mabati ya shilingi 60,000 na misumari ya 40,000, nabonyeza 60,000 + 40,000 × 1.18 ili nipate jumla pamoja na VAT ya asilimia 18. Toleo la zamani lilikwenda kama kalkuleta ya mezani: linajumlisha, kisha linazidisha, jibu 118,000. Toleo jipya linazidisha zile 40,000 peke yake, ndipo linajumlisha. Jibu 107,200. Kodi ya mabati, shilingi 10,800, haimo. Mteja keshaondoka na mzigo wake, na TRA wanaidai kwetu.

Najua mtasema toleo jipya linafuata MAGAZIJUTO, ile kanuni ya shuleni ya mpangilio wa hesabu: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Ni kweli, na mwanafunzi anahitaji jibu hilo. Ila mhasibu huingiza tarakimu macho yakiwa kwenye karatasi, kwa utaratibu wa kalkuleta ya mezani, na ninyi wenyewe mlituuzia programu hii mkisema inafanya kazi hivyo hivyo. Kila utaratibu una watu wake. Kutuhamisha kutoka mmoja kwenda mwingine kimyakimya ni kutukosea heshima, tena ni hatari, kwa sababu 107,200 haimshtui mtu. Lingetoka jibu la mamilioni, ningeligundua papo hapo.

Kibaya zaidi, mmeondoa ile orodha ya hesabu zilizopita iliyokuwa pembeni. Ankara zenye kasoro imebidi nizitafute moja moja kwenye faili.

Naomba mturudishie utaratibu wa zamani kama chaguo, na skrini ionyeshe muda wote ni upi unaotumika. Orodha irudi pia. Na siku nyingine mkibadili namna ya kukokotoa, tuulizwe kabla toleo halijaingia.

Nimeambatanisha picha za skrini za matoleo yote mawili. Mpaka nipate majibu yenu kwa maandishi, malipo ya leseni ya mwaka ujao nimeyasimamisha.

Wenu,
Mhasibu, duka la vifaa vya ujenzi
Morogoro