Risala ya Wazazi, Walimu na Wanafunzi kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Kidato cha Nne, Micheweni, Pemba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Waheshimiwa Masheha, Mwalimu Mkuu, walimu, wazee wetu na wanafunzi,
Assalamu alaykum.

Tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha, na tunakushukuru wewe kwa kuuitikia mwito wetu na kuivumilia barabara mpaka kutufikia. Karibu sana, hapa ni kwenu.

Skuli yetu ilianza kwa mabanda mawili yaliyojengwa kwa nguvu za wananchi, na leo inatoa wahitimu wa Kidato cha Nne. Ufaulu unapanda, timu yetu ya mdahalo inaogopwa wilaya nzima, na klabu yetu ya Tehama ni ya kupigiwa mfano Pemba yote, ijapokuwa ina kompyuta mbili tu na moja haishiki chaji.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kubwa tulilokuitia ni watoto wetu na mitandao ya kijamii.

Hatukuja kuilaani. Wanafunzi wetu wana grupu la hesabu la WhatsApp. Aliyeshindwa na swali la logi hulipiga picha usiku, mwenziwe wa Wingwi akalifanya kwenye karatasi na kumrejeshea njia nzima. Mtoto wa kike asiyeweza kutoka usiku kwenda masomo ya ziada husoma hivyo akiwa kwao. Wapo pia waliojifunza kupika keki kupitia TikTok, na sasa wanauza.

Lakini mitandao hiyo hiyo imetutoa machozi. Picha ya binti yetu, iliyopigwa harusini akiwa ndani na wanawake wenziwe, bila ya mtandio, ilichukuliwa kwenye status ya shoga yake ikazungushwa na maneno machafu. Mtoto alikaa nyumbani wiki kadhaa, na aliporudi darasani hakuinua uso. Wazee wake hawakujua pa kwenda. Hakuna aliyewaambia kuwa Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015, inayotumika na huku Zanzibar, inakataza udhalilishaji wa namna hiyo, wala kwamba ipo namba ya bure, 116, ya kuripoti madhila ya watoto.

Lipo na lisilopiga kelele. Mtandao hushika kile ulichokitazama kwa muda mrefu na kukuletea mfano wake. Kijana aliyetazama video moja ya kubeti huletewa nyingine na nyingine, usiku ukamwishia hapo, asubuhi akasinzia darasani. Mitandao mingi imeweka umri wa chini kuwa miaka 13, lakini wa miaka 10 akiandika mwaka wa uongo anapita. Australia, tangu Disemba 2025, imezitaka kampuni zizuie akaunti za walio chini ya miaka 16. Sisi hatuwezi kuizuia simu ya kaka mtu inayoazimwa baada ya magharibi. Tunaloliweza ni kuwafundisha watoto, na pa kuwafundishia hatuna.

Mheshimiwa, hapo kulia kwako ni chumba cha kompyuta, kuta zimefika linta. Wanaume tulibeba mawe, kina mama wakateka maji. Mgeni rasmi mmoja alituahidi bati, tukampigia makofi. Aliyemfuata aliahidi bati na kompyuta, tukapiga makofi zaidi. Ahadi zote zimo katika kitabu cha kamati, kwa tarehe. Nondo zimeshika kutu na ukuta wa nyuma umepasuka kwa mvua za masika. Tunaelewa kuwa viongozi wana majukumu mengi na hatumlaumu mtu. Lakini aliyeingia Kidato cha Kwanza ahadi ya kwanza ikitolewa, leo anapokea cheti chake mkononi mwako, na hakuwahi kufundishwa hata siku moja namna ya kuilinda akaunti yake.

Tunaomba bati na mbao za paa, kompyuta 20 zenye intaneti inayochuja mambo mabaya, na mwalimu mmoja wa ushauri nasaha, ikiwezekana mwanamke, ili mtoto kama yule apate wa kumwambia. Kama yote hayawezekani kwa pamoja, tuanze na bati. Mafundi ni wazee wetu wenyewe na hawatadai ujira.

Kwa heshima zote, Mheshimiwa, tunakuomba ututajie leo, mbele ya watoto hawa, bati zitafika lini, na zikichelewa tumfuate nani ofisini kwako. Katibu wetu yuko tayari na kitabu.

Naomba kuwasilisha. Wabillahi tawfiq.